Presha inapimika nyumbani, mguu wa sukari haupimiki kwa simu

Swali la wiki liliuliza: mgonjwa wa kliniki ya presha au sukari aende hospitali, au apigiwe simu? Kwangu hudhurio la kwanza ni ana kwa ana, bila mjadala. Mengine yategemee kinachofanyika siku hiyo.

Wanaopenda simu hulalamikia nauli, foleni na kibarua cha siku kinachopotea. Wana haki; kusomewa majibu ya maabara hakuhitaji kupanda daladala mbili. Ila daktari wa kwenye simu huamua kwa namba anazosomewa, na hapo ndipo mambo huharibika. Kahawa au sigara ndani ya nusu saa kabla ya kupima, kibofu kilichojaa, miguu iliyopishanishwa, mkono unaoning'inia, mkanda mdogo kwenye mkono mnene: vyote hupandisha kipimo, na mtu huongezewa dawa asiyoihitaji. Kaa kimya dakika 5, egemeza mgongo, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku 7. Andika zote, hata zisizokupendeza. Za siku ya kwanza hazitaingia kwenye wastani. Wengi hawaambiwi kwamba wastani wa 135/85 nyumbani huhesabiwa sawa na 140/90 ya kliniki.

Wazee wanaong'ang'ania kwenda husemwa wamezoea tu. Mimi nawaunga mkono. Ganzi ya mguu inayoletwa na sukari hupimwa kwa uzi wa plastiki unaobonyezwa kwenye wayo hadi upinde, kwa nguvu ya gramu 10, na kidonda kisichouma mgonjwa hatakitaja kwa sababu hajui kama kipo. Halafu kuna faragha: baba anayeongea na daktari kupitia simu ya mwanawe hatasema nguvu za kiume zimepungua, ingawa huenda dawa ndiyo chanzo.

Kliniki nazo ziache kusema "tutakupigia". Zitaje saa na namba itakayopiga, maana namba ngeni wengi hawapokei, na mkubaliane nani atapiga tena mtandao ukikatika. Mgonjwa aweke maboksi yote ya dawa mbele yake asome jina na miligramu. "Kile kidonge cheupe" hakimsaidii daktari.

Presha ya 180/120 ikija na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida au mdomo kupinda, usisubiri miadi ya aina yoyote. Nenda chumba cha dharura saa hiyo hiyo.