Hajati, tufanye nini Ankara kwa siku tano?

*Asalaam alaykum Hajati. Kijana wetu yuko mwaka wa mwisho wa masomo Ankara na amesisitiza tumtembelee kabla hajarudi. Tumepata siku tano. Mzee wangu ana miaka 66 na goti la kushoto linamsumbua. Mimi nimechoka na duka, nataka kupumzika tu. Sasa kila tunayemweleza hapa Mbale anasema Ankara ni mji wa maofisi, tukishatua tu tukimbilie Istanbul. Kijana naye ametuandikia ratiba: mambo sita kila siku. Nimeisoma kichwa kikaniuma. Utushauri, na utuambie twende mwezi gani. — Mama wa Wanne, Mbale*

Wa alaykum salaam, Mama wa Wanne. Ratiba ya kijana iwekeni kando, kwa upendo. Nakwambia hivi kwa sababu na mimi niliwahi kuandika ratiba kama hiyo.

Niliishi Ankara miaka mitatu, mtaa wa Cebeci, marehemu mume wangu alipokuwa anasoma huko. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa dada yangu mkubwa kutoka Bombo. Siku moja nikamzungusha: asubuhi kaburi la Atatürk (mwasisi wa jamhuri ya Uturuki), adhuhuri makumbusho, alasiri ngome, jioni maduka. Usiku alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, akaniambia, "Mdogo wangu, umenionyesha ngazi." Mpaka leo akiulizwa Ankara ikoje, anasimulia ngazi. Hilo linaniuma, maana mji ule naupenda na yeye hakuuona.

Kwa hiyo nawapa sharti moja: sehemu moja ya mji kila asubuhi, mchana mkae. Siku tano zitawatosha na kubaki.

Istanbul nayo iacheni kwa safari hii. Treni ya mwendo kasi kutoka Ankara inachukua zaidi ya saa nne kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Mzee atashinda amekunja goti kwenye kiti, na huko ataona kituo cha treni na foleni. Ndege ya Turkish Airlines kutoka Entebbe inatua Istanbul kwanza. Mkitaka kuuona mji huo, ongezeni siku mbili wakati wa kurudi. Msizikate kwenye hizi tano.

Ni kweli Ankara ni mji wa maofisi. Ulifanywa makao makuu ya Uturuki tarehe 13 Oktoba 1923, wiki mbili kabla jamhuri yenyewe haijatangazwa, na wizara na balozi zikahamia huko. Lakini utulivu mnaoutafuta unatokana na hilo hilo. Watu wanafanya kazi, jioni wanakaa bustanini na watoto wao, na hakuna anayekuvuta mkono ununue zulia.

Mwezi: kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba, au Mei. Mji uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Kampala, lakini uko mbali na bahari na mbali na ikweta. Julai jua linakausha midomo. Januari kuna theluji. Tarehe 29 Oktoba ni sikukuu ya jamhuri na umati unajaa, basi kama ni mapumziko muwe mmesharudi. Viza mnaihitaji, anzieni ubalozi wa Uturuki Kampala kabla hamjalipia tiketi.

Mlale upande wa Kavaklıdere, karibu na barabara ya Tunalı Hilmi. Ulus ni rahisi zaidi kwa bei, lakini mchana una kelele na usiku mitaa inabaki mitupu. Kavaklıdere mtakuwa hatua chache kutoka Kuğulu Park, bustani ndogo yenye bata maji weupe wa shingo ndefu na mabenchi chini ya miti. Siku ya kwanza nendeni hapo tu. Mmetoka safari ya usiku. Kaeni, kijana awaletee chai, mwangalie watu.

Sasa ngome, kwa sababu ndiyo iliyomvunja dada yangu. Kosa langu lilikuwa kuipanda kwa miguu kutoka Ulus. Nyinyi mchukue taksi mpaka lango la juu, kisha mshuke kwa miguu taratibu. Njia ni ya mawe, Mzee avae viatu vya soli laini na ashike mkono wa kijana. Ndani ya kuta za ngome watu bado wanaishi: kuna nguo kwenye kamba, kuna paka ukutani, na chini yenu paa za vigae vyekundu zimetanda kilima baada ya kilima. Mtu wa Kampala aliyewahi kupanda mnara wa msikiti wa Old Kampala ataielewa furaha hiyo.

Mkishuka kidogo mtakuta Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia. Yamo ndani ya soko la kuba na nyumba ya wageni ya misafara, majengo ya karne ya 15, na mwaka 1997 yalipewa tuzo ya makumbusho bora ya mwaka ya Ulaya. Msijaribu kuyamaliza. Mtafuteni mama mmoja tu: sanamu ndogo ya udongo kutoka kijiji cha kale cha Çatalhöyük, mwanamke mnene aliyekaa kwenye kiti, mikono juu ya wanyama wawili, wa miaka kama elfu nane iliyopita. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona kila nikielemewa na ugeni. Amekaa kama mwenye nyumba, hana haraka na mtu. Keti mbele yake, Mama wa Wanne, pumzisha miguu.

Hapo jirani kuna msikiti wa Aslanhane, wa karne ya 13, dari yake imebebwa na nguzo za miti, na mwaka 2023 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Salini adhuhuri humo. Halafu mteremko wa Çıkrıkçılar Yokuşu una maduka ya vitambaa, na wewe mwenye duka utajua la kufanya.

Siku nyingine iwe ya Hacı Bayram. Msikiti huo ni wa karne ya 15, na ukuta wake umegusana na hekalu la Augustus, mfalme wa Roma. Kwenye kuta za hekalu kumechongwa maelezo ya matendo ya mfalme huyo kwa Kilatini na Kigiriki. Kati ya nakala zilizobaki duniani hakuna iliyokamilika kuliko hiyo. Hekalu likawa kanisa, kisha msikiti ukajengwa ubavuni bila kulibomoa. Nilikuwa nakaa uwanjani hapo nasikia adhana huku naangalia mawe ya watu wasioijua adhana, na moyo unatulia. Uwanja ni tambarare, goti halina shida. Msiende Ijumaa, kunajaa.

Anıtkabir, kaburi la Atatürk, kijana hatakubali mliache, na ana haki. Mwili uliletwa hapo tarehe 10 Novemba 1953, miaka 15 kamili baada ya kifo chake. Kabla ya uwanja mkuu kuna njia ya mita 262 yenye simba wa mawe 24, na mawe ya njia yametenganishwa kwa makusudi ili mgeni asikimbie, atembee ameinamisha kichwa kwa heshima. Njia hiyo imejengwa kwa mwendo wa Mzee! Mwambieni kijana asimharakishe. Kituo cha treni ya mjini kilicho karibu kinaitwa Anadolu, ila taksi ni bora kwenu.

Siku moja inayobaki siipangi. Hamamönü ni pazuri kwa asubuhi, nyumba za kale zilizokarabatiwa, kuta nyeupe na mbao nyeusi, na akina mama wanaokaanga gözleme, chapati nyembamba yenye jibini au mchicha ndani. Na kama Mzee mwenyewe ataomba kutoka nje ya mji, treni ya mwendo kasi kwenda Eskişehir ni kama saa moja na nusu. Akiomba yeye, si kijana.

*Hajati, mimi ni mwalimu wa Kiswahili Arua. Januari nitakuwa Ankara siku tatu kwa mkutano. Kituruki sijui hata neno moja. Nitawezaje? — Mwalimu, Arua*

Mwalimu, unajua maneno mengi kuliko unavyodhani. Kiarabu kilipita kwao na kwetu. Kitabu ni *kitap*, kalamu *kalem*, sabuni *sabun*, dunia *dünya*, dakika ni *dakika*, duka ni *dükkân*. Habari ni *haber*. Chai wanaandika *çay* lakini ukiisikia ni chai. Ukimaliza kula sema *hesap*, ni hesabu, utaletewa bili. *Tamam* maana yake sawa, ndugu wa timamu yetu. Neno ninalolipenda kuliko yote ni *misafir*: ni msafiri wetu, lakini kwao maana yake mgeni. Ukibisha hodi wewe ni misafir, na utapewa kiti.

Lakini neno moja litakuponza: *saat*. Ni saa, ila wanaihesabu kuanzia usiku wa manane. Nilikuwa nimejifunza namba, *bir, iki, üç*, na karani wa kliniki akaniambia *saat üç*. Nikasikia saa tatu. Nikafika asubuhi na mtoto mwenye homa, kumbe miadi ni saa tisa alasiri. Tulikaa kwenye benchi muda wa saa sita, mtoto analala mapajani mwangu, mimi nalia kimya kimya. Kila ukitajiwa saa, ongeza au toa sita, kisha andika kwenye karatasi mwonyeshe. Saa yako ya mkononi usiiguse: tangu 2016 Uturuki haibadilishi majira, na wakati wao ni ule ule wa Uganda.

Kwa Januari, nunua buti za soli yenye meno. Kwenye soko la Owino, Kampala, zipo za mitumba nzuri. Theluji iliyokanyagwa na kuganda inateleza kuliko matope ya Arua.

Daladala zao zinaitwa *dolmuş*, yaani "imejaa", na baadhi hazitoki mpaka zijae, kama teksi za Old Taxi Park, Kampala. Hakuna konda. Nauli unampa abiria wa mbele yako, naye anampa wa mbele yake, mpaka ifike kwa dereva, na chenji inarudi kwa mikono ile ile.

*Hajati, tutakula nini huko? Tumbo langu halipendi vitu vigeni. — Mama Mdogo, Bombo*

Mama Mdogo, tafuta *lokanta* za wafanyakazi, zile ambazo chakula kimepangwa kwenye sinia nyuma ya kioo nawe unanyoosha kidole. Omba *kuru fasulye* na *pilav*: ni maharage meupe na wali, utadhani uko nyumbani. Supu ya dengu, *mercimek*, inakamuliwa limau. *Ayran* ni mtindi uliochanganywa na maji na chumvi. Anayekunywa bongo, maziwa yetu ya mgando, hatashtuka. Asubuhi nunua *simit*, mkate wa duara wenye ufuta. Ule wa Ankara ni mweusi kidogo na unakwaruza vizuri mdomoni, mimi nausifu kuliko wa Istanbul. Na ukiona mkahawa ulioandikwa Aspava, ingia na njaa: saladi na vitafunio vinakuja mezani bila kuviagiza, na havilipiwi.

Chai yao haina maziwa. Inaletwa kwenye kikombe kidogo cha kioo chenye kiuno, na mwenyeji atakujazia bila kuuliza. Ukitosheka, laza kijiko juu ya kikombe.