Tope la Sabaki kutua haraka mlangoni

Unauliza kwa nini hesabu yako inasema tope la Sabaki, mto wa Kenya, huzama kama sentimita 30 kwa siku, ila mlangoni mwa mto unaliona likitua ndani ya saa moja. Sababu ni hii: umehesabu chembe mojamoja za maikroni 2 (milimita 0.002). Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, husukumana. Chumvi ya bahari ikifika hata gramu 2 au 3 kwa lita msukumano hufifia, na zikigongana hunatana kuwa mabonge. Mabonge hayo huzama milimita 0.1 hadi 1 kwa sekunde. Mkondo wa wastani huyakuza, mkali huyavunja.

Pima tena kwa maji ya palepale, bila dawa ya kutenganisha chembe. Usivute kwa pampu, itayapasua mabonge! Chota taratibu kwa chupa ya mdomo mpana, upime papo hapo.