Ukienda kukimbia baridi Arizona, anza kupanga kurudi

Kila Septemba napigiwa simu na watu wetu wa hapa Minnesota, wengi wao wamestaafu au wamebakiza mwaka mmoja. Wanauliza habari za Quartzsite. Wameona picha: trela letu jeupe, viti vya kukunja, jua, milima kwa nyuma. Wanauliza bei ya trela, wanauliza kama kuna nyoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza tunarudije. Na mimi, katika misimu minne ya kwenda huko, jangwani sijawahi kutoa chozi. Nimelia barabarani, Aprili, tukirudi nyumbani.

Kwa wasiotujua: sisi ni watu wa Tanga. Mume wangu ameendesha malori ya masafa marefu humu Marekani kwa miaka kumi na tisa, nami nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Magoti yake hayaiwezi tena Januari ya Minneapolis. Mwaka 2021 tukanunua trela lililotumika, la urefu wa mita saba hivi, na Novemba tukaelekea kusini.

Quartzsite ni mji mdogo magharibi mwa Arizona, pale barabara ya I-10 inapokutana na US 95, si mbali na mto Colorado na mpaka wa California. Wakazi wake wa kudumu ni kama 2,400. Ukija Januari hutaamini namba hiyo, maana jangwa lote linakuwa matrela, na masoko ya mawe na vito yamejaa watu. Mchana joto hufika nyuzi 20, usiku unahitaji blanketi zito. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya serikali kuu na inasimamiwa na idara iitwayo BLM. Eneo la La Posa, kusini mwa mji, wanaruhusu kukaa msimu mzima, tangu Septemba 15 hadi Aprili 15. Msimu wetu wa kwanza tulilipa dola 180 kwa miezi yote hiyo, na ukitaka wiki mbili tu ilikuwa dola 40. Kuna bomba la maji, mahali pa kumwagia maji ya choo, na mapipa ya taka. Umeme hakuna. Yapo pia maeneo ya bure, ila huko mwisho ni siku 14, kisha unahama kabisa eneo lile.

Mahali pa kuegesha, sikiliza hili. Utaona vijito vikavu vyenye mchanga laini na miti ya palo verde yenye kivuli, na utatamani kuweka trela hapo. Usiweke. Hayo ni makorongo ya maji. Mvua ikinyesha milimani, wewe uko juani unakunywa chai, maji yanakuja bila kubisha hodi. Kaa juu, kwenye kokoto ngumu, hata kama hakuna mti.

Maisha ya pale sisi hayakutusumbua. Tanki letu linachukua lita 150 na tulikaa nalo siku tisa, kwa sababu nilioga kama nilivyooga utotoni, kwa ndoo na kata. Majirani zetu wanaofungua bafu na kuliacha litiririke walikuwa wanakimbilia bomba kila baada ya siku tatu. Sufuria ya ugali niliiloweka kwa kikombe kimoja cha maji tangu mchana, jioni ukoko unabanduka wenyewe. Umeme ni sola na betri, na ukiwa na betri za asidi usizishushe chini ya nusu, zitakufa kabla ya Februari. Kinachozimaliza ni feni ya hita, inayozunguka usiku kucha. Na ndugu zangu, jiko la mkaa lisiingie ndani ya trela hata kwa dakika tano. Hita ya gesi pia, acha dirisha wazi kidogo na hakikisha king'ora cha kaboni monoksaidi kinafanya kazi. Sumu ile haina harufu, na trela ni chumba kidogo kuliko unavyodhani.

Kabla sijaondoka jangwani nataka kusema kuhusu kaburi moja. Katika makaburi ya Quartzsite kuna piramidi ya mawe, na juu yake ngamia wa shaba. Chini yake amelala Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa Marekani mwaka 1856, jeshi lilipotaka kujaribu ngamia kubeba mizigo katika majangwa haya. Mpango ule ulikufa, yeye akabaki, na akafariki hapo mwaka 1902. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye kaburi. Mara ya kwanza tuliposoma jibao lile tulisimama kimya muda mrefu. Kisha tukamsomea Fatiha. Tangu hapo kila msimu tunaanzia kwake na tunamuaga yeye wa mwisho. Mtu aliyekuja mbali hivyo na asirudi, anastahili mgeni anayejua kulitamka jina lake.

Sasa kurudi.

Kutoka Quartzsite hadi kwetu ni kilomita kama 2,900. Njia fupi kwenye ramani inakupandisha Flagstaff, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako theluji inaanguka mpaka Aprili. Sisi tunapita kusini: I-10 hadi Las Cruces, kisha US 70 hadi Alamogordo, kisha US 54 inayokukatisha New Mexico, kona ya Texas na kona ya Oklahoma hadi Wichita, halafu I-35 moja kwa moja nyumbani. Ukiwa na hati ya ukaazi, ibebe yenyewe, si nakala. Sheria inamtaka mkaazi awe nayo wakati wote, na barabara zilizo karibu na mpaka wa Mexico zina vizuizi vya askari wa mpaka. Hata ukitoka Yuma kwenda kaskazini kwa US 95 utakikuta kimoja.

Mara ya kwanza, mwaka 2022, tuliondoka siku ya pili ya Ramadhani. Mume wangu alikuwa amefunga, na kichwani alikuwa bado dereva wa lori: kilomita 900 kwa siku, tusimame kwa mafuta tu. Tena alikuwa amenunua mawe. Kule kila mtu hununua mawe, yana rangi usizowahi kuziona, naye alichukua ndoo nne akaziweka kwenye sanduku la nyuma kabisa ya trela, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi.

Baada ya Las Cruces unapanda mlango wa milima uitwao San Augustin, kisha unateremka kuelekea tambarare ya White Sands. Mteremko ni mkali. Tulipoanza kushuka nilihisi gari linavutwa kiuno, kushoto, kulia, kila mvuto mkubwa kuliko uliotangulia. Nikatazama kwenye kioo nikaliona trela likipiga huku na huku kama mkia wa mamba. Nilishika dashibodi nikaanza kusoma kila dua ninayoijua. Mume wangu hakukanyaga breki. Alishika usukani umenyooka, akaachia mafuta, na kwa mkono akabana kile kidude kinachofunga breki za trela peke yake. Trela likavutwa nyuma, likanyooka. Angekanyaga breki ya gari, trela lingetusukuma na kutupiga ubavu, na nisingekuwa naandika haya.

Sababu ilikuwa yale mawe. Trela la kufungwa nyuma ya gari linataka uzito wake uelemee mbele kidogo, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iwe imekaa juu ya kiungo kinacholishikiza trela kwenye gari. Trela la kilo 2,700 liweke kati ya kilo 270 na 400 pale mbele. Ukipakia nyuma unapunguza uzito huo, na trela linapata uhuru wa kucheza. Usikisie. Nenda kituo cha mafuta cha malori, wana mizani, unapima kwa pesa kidogo. Lipime lilivyopakiwa kwa safari ya kurudi, maana hakuna anayerudi na mzigo ule ule aliokwenda nao.

Siku mbili baadaye, karibu na mji wa Guymon, Oklahoma, tairi la kulia likapasuka. Nje lilikuwa zuri, kashata zake zote zipo. Aliyetuuzia trela alituambia matairi ni kama mapya na tukamwamini. Lilipopasuka vipande vyake viling'oa bomba la gesi chini ya sakafu, na tukakaa kando ya barabara kwa muda wa saa nne kwenye upepo tukisubiri fundi. Fundi alipofika aliniita, akanionyesha ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, tarakimu nne: 1114. Wiki ya 11, mwaka 2014. Lilikuwa na miaka minane. Matairi ya trela huliwa na jua na kusimama, si mwendo, na jangwani linasimama miezi mitano juani. Yafunike tangu siku ya kwanza. Yakifika miaka mitano au sita yabadilishe hata kama yanang'aa. Pima upepo asubuhi kabla hujaanza kutembea, yakiwa baridi. Na mengi yametengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa, hata kama barabara inaruhusu 120.

Pale ndipo nilipolia. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo, midomo imekauka, mikono inatetemeka, na bado hataki maji. Nilimwambia Mungu mwenyewe amempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na kwamba mimi niliye kwenye kiti cha pembeni nina haki juu ya macho yake. Alikunywa. Tangu siku ile hatufungi tukiwa na trela nyuma, tunalipa nyumbani. Na tunakwenda kilomita 450 kwa siku, saa tisa alasiri tumeshaegesha. Safari inakula wiki nzima, na juu yake tunaweka siku mbili za akiba kwa ajili ya upepo.

Upepo wa Machi na Aprili katika nyanda zile si wa kushindana nao. Ukivuma ubavuni, trela ni tanga la jahazi. Tunatazama utabiri kila usiku, na wakitaja kilomita 50 kwa saa hatutoki. Mara moja tulilala Tucumcari, New Mexico, siku mbili, pua ya gari tumeielekeza upepo unakotoka, tukasikiliza bati likilia. Sikujuta hata dakika moja. Vumbi ni jambo lingine, hasa kwenye I-10 karibu na Lordsburg. Likikukuta ghafla, toka nje ya lami kabisa, funga breki ya mkono, kisha zima taa zote na uondoe mguu kwenye pedali ya breki. Wengi huwasha taa ili waonekane. Aliye nyuma haoni barabara, anafuata taa zako akidhani unatembea, anakuja kukugonga ukiwa umesimama.

Mwaka wa pili tulijifunza habari ya maji. Unatoka Arizona ukiwa na kandambili, unasahau kwamba unaelekea kwenye baridi. Tulilala kusini mwa Des Moines, usiku joto likashuka nyuzi nane chini ya sifuri, asubuhi pampu imepasuka na sakafu ina barafu. Siku hizi Wichita ndiyo mwisho wa kutumia maji ya trela. Tunamwaga tanki lote, tunamwaga na maji ya hita, kisha tunapitisha mabombani ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda. Chukua ya matrela, si ya rejeta ya gari, hiyo ni sumu. Kutoka hapo maji ya kunywa na kutawadhia yako kwenye madumu ndani ya gari.

La mwisho ninalisema kama mtu aliyefanya kazi na wagonjwa. Udongo wa Arizona una kuvu inayosababisha ugonjwa uitwao Valley Fever. Unauvuta na vumbi, na dalili huja wiki moja hadi tatu baadaye: kikohozi, homa, uchovu usioisha, yaani kama mafua mabaya au nimonia. Hauambukizi mtu kwa mtu, na wengi hupona wenyewe. Lakini watu weusi wako katika hatari zaidi ya ugonjwa huu kusambaa mwilini, na wenye kisukari nao huumia zaidi, na katika jamii yetu kisukari kipo kila nyumba. Daktari wa Minnesota huenda asiufikirie. Mwambie wewe, kabla hajauliza: nimekaa Arizona miezi mitano.

Mei mwaka huu mume wangu alikohoa wiki tatu. Alisema ni vumbi la gereji. Nilimpeleka, nikamwambia daktari sentensi hiyo, wakamtoa damu, wakampiga picha ya kifua. Majibu yalirudi Ijumaa: hana. Jumamosi asubuhi nilimkuta uani amepiga magoti kando ya trela, anasoma tarakimu za matairi. Yameshafika mwaka wa tatu. Ameziandika kwenye kalenda ya jikoni.