Peni ya zinki: ichimbwe au iachwe?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Columbus, Ohio, na natafuta sarafu za ardhini kwa Minelab Equinox 800, mashine ya kugundua metali niliyoinunua mtumba. Sehemu ninayoipenda ni bustani ya zamani ya mji yenye miti mikubwa, na ruhusa ninayo. Kinachonikera ni peni, yaani senti moja ya Marekani. Mashine ikionyesha namba 20 au 21 nachimba, natoa senti moja ya zinki iliyoliwa na udongo hadi haisomeki. Nikipata 13 natoa kifungulio cha kopo la soda. Nikachoka, nikaamua kuziruka namba hizo zote. Juzi mwenzangu kachimba 20 hatua chache tu kutoka nilipokuwa, katoa peni ya Indian Head ya miaka ya 1890. Sasa niruke zipi, nichimbe zipi? Na Desemba nakwenda nyumbani Lamu kuwaona wazee: niibebe mashine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuruka 20 kungekuwa uamuzi mzuri sana katika uwanja wa mpira uliotengenezwa miaka ya 1990. Katika bustani yenye miti ya zamani, umejinyima sarafu unazozitafuta. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namba ipi iachwe, uliza ardhi hii imekanyagwa na watu tangu lini.

Tuanze na namba yenyewe, maana wengi huiamini kupita kiasi. Koili, yaani kile kisahani unachokipitisha juu ya ardhi, hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukigusa metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hurudisha jibu lililochelewa kidogo. Katika kitu kinene kinachopitisha umeme vizuri, kama sarafu kubwa ya madini ya fedha, jibu huchelewa zaidi, na katika foili nyembamba huchelewa kidogo mno. Mashine hupima ucheleweshaji huo na kuugeuza kuwa namba. Haijui kama kilicho chini ni senti, pete au kifuniko cha chupa. Inajua tu kwamba kuna kitu cha ukubwa na upitishaji fulani, na vitu vingi tofauti kabisa hukutana kwenye namba moja.

Namba 20 ni mojawapo ya njia panda hizo. Hadi mwaka 1982 peni ya Marekani ilikuwa na shaba asilimia 95 na uzito wa gramu 3.11. Ndani ya mwaka huo ikageuzwa kuwa zinki iliyopakwa shaba nyembamba, gramu 2.5. Ndiyo maana za 1982 zipo za aina zote mbili. Peni ya shaba ya karibuni husoma 24 au 25 kwenye mashine yako, ya zinki husoma 19 hadi 21. Ngozi ya shaba ikichubuka, udongo wenye unyevu huila zinki haraka, sarafu hutoboka, na namba huanza kuyumba na kushuka hadi 17 au chini zaidi. Hizo ndizo zinazokukera.

Lakini Indian Head, iliyotengenezwa kuanzia 1859 hadi 1909, nayo hushukia hapo hapo. Tangu 1864 ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na bati na zinki, na bati kidogo tu hupunguza sana uwezo wa shaba kupitisha umeme. Ongeza miaka mia na zaidi ya kuliwa na udongo, na sarafu ambayo ungetarajia isome 24 inasoma 20. Peni zenye picha ya masuke ya ngano za miaka ya mwanzo, yaani za kuanzia 1909, mara nyingi nazo husoma chini kuliko peni ya 1970. Hapo hapo utakuta vifuniko vya alumini vya kuzungusha, na pete nzito ya dhahabu ya kiume pia inaweza kufika huko.

Sasa njia ninayowafundisha wanaoanza, na ndiyo ninayokushauri. Ukifika mahali kwa mara ya kwanza, usiruke kitu kinachojirudia. Kwa muda wa saa moja hivi chimba kila mlio unaosikika pande zote mbili za mpito wa koili, uwe 13, uwe 20, uwe 25. Tia kila kitu mfukoni, kisha kaa chini usome miaka. Peni haina thamani dukani, ila ndiyo sarafu iliyodondoshwa kwa wingi kuliko zote na imeandikwa mwaka. Ukiona zote ni za baada ya 1982, ardhi hiyo ama ni mpya, ama udongo wake uliletwa kwa lori. Hapo iache 20 kwa amani na utumie muda wako kwenye 24 kwenda juu. Ukipata hata peni moja ya ngano, aina iliyokoma 1958, basi watu walikuwa wakipita hapo enzi ambazo senti kumi na senti ishirini na tano zilikuwa na fedha asilimia 90, yaani hadi 1964. Mahali kama hapo 20 haiachwi. Bustani yako imeshatoa Indian Head, kwa hiyo jibu la 20 unalo tayari.

Simaanishi uchimbe kila 20 bila kufikiri. Kwanza tazama kina. Peni ya zinki haijapata muda mrefu wa kuzama, na katika nyasi zisizowahi kufukuliwa nyingi hukaa ndani ya inchi nne za juu. Mlio mkali wa 20 ulio inchi mbili chini, karibu na benchi la mapumziko, una dalili zote za zinki. Mlio laini wa 19 au 20 ulio inchi sita, mbali na mabenchi, chimba hata kama umechoka. Kumbuka tu kwamba kipimo cha kina hukadiria kana kwamba kitu ni cha ukubwa wa sarafu: kopo zima lililo chini sana litaonekana kama sarafu ya karibu.

Hapo unahitaji jaribio la pili. Zunguka robo ya duara uipitishe koili tena kutoka upande mwingine. Sarafu iliyolala hubaki na namba ile ile au hupotoka kwa moja tu. Msumari uliopinda na bati lililochanika hubadilika au hunyamaza upande mmoja. Kisha inua koili taratibu: mlio wa sarafu hufifia upesi na kwa usafi, ila kifuniko kikubwa au kopo huendelea kulia hata koili ikiwa juu ya goti. Majaribio haya mawili huchukua nusu dakika, na yatakuokoa na mashimo mengi ya bure. Hayatofautishi zinki na Indian Head, hilo nisikufiche. Kwa hizo mbili unabaki na kina na umri wa ardhi.

Namba 24 hadi 27 sina mjadala nayo. Senti moja ya shaba na senti kumi ya fedha ziko jirani mno, na anayeruka peni ya shaba anaruka fedha. Chimba zote.

Namba 13 ndiyo ngumu. Senti tano, yenye shaba asilimia 75 na nikeli 25, husoma 12 au 13, pamoja na zile zenye picha ya nyati zilizotengenezwa kuanzia 1913 hadi 1938. Kwenye eneo hilo hilo huangukia vifungulio vya makopo na pete nyingi za dhahabu. Kile kifungulio cha pete kinachong'oka na kutupwa kilibuniwa hapo hapo Ohio, na Ermal Fraze wa Dayton aliyepata hataza mwaka 1963, na bustani za jimbo hilo bado zimejaa. Wanaosema wanaweza kutofautisha pete ya dhahabu na kifungulio kwa namba peke yake wanajidanganya, na huwadanganya wateja wao. Ninachokubali ni hiki: senti tano hutulia. Ikisimama kwenye 12 na 13 bila kuruka pande zote, chimba. Ikirukaruka kati ya 11 na 16, na ukiwa kwenye nyasi za kuchomea nyama, unaweza kuiacha. Kwenye mchanga wa ufukweni ambako watu huvua pete kupaka mafuta, usiache hata moja, kwa sababu kuchimba mchanga ni kazi ya sekunde chache.

Kuna kosa moja kubwa kuliko kuruka: kuinyamazisha namba ndani ya mashine isisikike kabisa. Usifanye hivyo. Ukizima 20, peni ya zinki iliyolala kando ya senti kumi ya fedha inaweza kuimeza sauti ya fedha yote, nawe ukapita bila kujua kulikuwa na kitu. Sikiliza vyote, kisha amua kwa akili yako. Katika bustani zilizopitiwa na wengi, fedha zilizobaki ni zile zilizo chini au kando ya takataka ambazo wenzako walizipuuza, na kutoa zinki chache za juu ndiyo njia ya kuzifikia.

Kwenye viwanja vya michezo vya watoto, mimi hutoa kila zinki ninayoisikia. Peni ya baada ya 1982 ikimezwa, asidi ya tumbo huifikia zinki, na mbwa wengi wameugua vibaya kwa sababu hiyo. Mtoto mdogo naye hutia kila kitu mdomoni.

Msimu nao uingie katika hesabu. Nyasi za Ohio zikikauka mwezi wa saba au wa nane, kila bonge la nyasi unalolikata lina hatari ya kufa na kuacha doa la manjano, na doa hilo ndilo linalofanya mji ufute ruhusa za wote. Wakati huo ruka zaidi, chimba yale ya uhakika tu, na urudi mvua zikirejea. Kata bonge pande tatu, upande wa nne ubaki na mizizi yake, weka udongo juu ya kitambaa, urudishe wote, ukanyage. Na usiichukue mashine kwenye hifadhi za taifa: huko kuitumia, hata kuwa nayo mkononi tu, ni kosa.

Kuhusu Lamu. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni. Hapo ng'ambo ya maji, kisiwani Manda, watafiti waliokuwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza mwaka 2013 kuwa wamepata sarafu ya Kichina ya Mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Imetoa ushahidi wa biashara kati ya pwani yetu na China kwa sababu ilitolewa na watu walioandika ilikuwa wapi na pamoja na nini. Ingetolewa kwa sepetu ya mtu wa likizo, ingebaki kipande cha metali chenye tundu la mraba. Ukitaka kuitumia mashine hata uani kwa wazee, waandikie kwanza Makumbusho ya Taifa ya Kenya ueleze mahali na sababu, na bila jibu lao la maandishi iache Columbus.