Mwanangu, kuhusu ile Hilux

Mwanangu,

Barua yako imenifika salama. Umeniuliza kama Hilux ya mwaka 1991 bado inaweza kuaminiwa kubeba viazi kutoka Makete hadi Njombe, au tuiuze sasa, maadamu amejitokeza mtu anayeitaka, nawe ununue ya toleo la 2005. Kabla ya hilo nataka tukumbushane ni kitu gani hasa kiliwahi kuiangusha gari ile, kwa sababu katika miaka yote tuliyokaa nayo sijaona umri ukiiangusha. Mama yako amechoka kunisikia nikilisema hili mezani: gari huuawa na maji na oili, haliuawi na miaka.

Unaikumbuka harusi ya Bulongwa. Baba yako mdogo aliiazima ili akawachukue ndugu za bibi harusi, nami nilimweleza mbele ya watu kwamba mpira wa juu wa rejeta unavuja, kwa hiyo kila amalizapo mlima asimame aangalie maji. Hakusimama. Mshale wa joto ulipanda, na aliuona, maana mwenyewe alisimulia kwamba aliuona akadhani umeharibika. Silinda hedi ikapata ufa, maji yakaingia kwenye oili mpaka ikawa kama chai ya maziwa. Hedi nyingine tuliinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa fedha ya ada yako ya kidato cha tatu, na bila shangazi yako ungekaa nyumbani muhula mzima. Hayo nimeyasamehe. Nisilolisamehe ni kauli yake siku gari liliporudishwa likivutwa kwa kamba: "Kaka, gari lako limezeeka." Limezeeka! Bloku ileile na pistoni zilezile zinapanda milima hiyohiyo hadi leo.

Injini yake ya 3L, ya lita 2.8, haina tabo ya kuisukumia hewa wala kompyuta, na pampu yake ya dizeli ni chuma kitupu ambacho fundi mzoefu anaweza kukifungua bila kuunganisha mashine yoyote ya kupimia. Hiyo ya 2005 ina nguvu zaidi na ni tulivu zaidi barabarani, sikatai, lakini nozeli zake zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini zinaamriwa na kompyuta, na dizeli hubanwa kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 lile la hewa ya kawaida. Dizeli ya kwenye madumu tunayouziwa huku ikiwa na maji kidogo tu, gharama ya nozeli utaijua mwenyewe. Maji tena, unaona.

Hata hivyo, nikiwa peke yangu hujibishana na nafsi yangu kuhusu chasisi. Pale juu ya springi za nyuma, ambapo tope hukaa msimu wote wa mvua, kutu imekwisha kuanza kula. Nitasema kutu nayo ni maji, na mama yako atacheka, kwa kuwa maji ya miaka zaidi ya thelathini ni umri kwa jina jingine. Tena wewe unapakia wajukuu wangu humo, na gari lile halina mfuko wa hewa hata mmoja. Hapo msemo wangu haunisaidii.

Kwa hiyo tafuta fundi asiyenijua. Aigonge chasisi kwa nyundo nje na ndani, hasa penye mashikio ya springi, kwani injini hufunguliwa ikafungwa tena, lakini chasisi iliyooza hukufuata hata ukiiwekea viraka. Apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya kila silinda. Aukague pia mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na wa pistoni, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga vali, na hasara yake ni kubwa kuliko ile ya Bulongwa.

Niuze au nisiuze, ndivyo ulivyouliza. Kadi ya gari ina jina lako, si langu, na nilipokuandikisha niliahidi mbele ya mama yako kwamba sitaingilia. Ungekuwa umeniuliza kabla ya hapo, jibu lingekuwa la neno moja, nawe unalijua. Basi, niache. Ila uniandikie fundi alichokikuta kwenye chasisi kabla hujapokea hata shilingi moja, na unitajie jina la huyo mnunuzi, kwa maana nimeona umelikwepa.

Baba yako