"Yatoa radhi" au "yaomba radhi"?

SWALI: Ninahariri habari za utamaduni zinazotafsiriwa kutoka nje. Tunaandaa makala ya kumbukumbu kuhusu tukio la Juni 2021, pale Royal Academy of Arts ya London ilipomwomba radhi msanii Jess de Wahls baada ya kuacha kuuza kazi zake dukani kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu jinsia. Mwandishi wetu ameweka kichwa hiki: "Royal Academy yatoa radhi kwa maoni ya kijinsia ya msanii." Sikuridhika nacho, ila nilishindwa kumweleza kasoro iko wapi. Tuandikeje? Na je, radhi na msamaha ni kitu kimoja?
Mhariri, Mombasa

JIBU: Ndugu mhariri, umefanya vema kutokuridhika. Kichwa hicho kina makosa matatu, na kila moja linampeleka msomaji njia yake. Lakini kwanza tuweke tukio lenyewe sawa, maana sarufi ya kuomba radhi haipimiki bila kujua nani kamkosea nani.

De Wahls ni msanii wa kutarizi, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa akifanya kazi zake London. Mwaka 2019 aliandika makala ndefu akipinga hoja kwamba mtu huwa wa jinsi nyingine kwa kujitambulisha hivyo. Miaka miwili baadaye duka la Royal Academy lilikuwa likiuza kazi zake: vipande vya kitambaa vilivyotariziwa maua. (Msiviite viraka. Kiraka huziba tundu. Hivi ni pambo la kushonea kwenye nguo.) Malalamiko yakaanza kuingia mitandaoni. Taasisi ikajibu hukohuko mitandaoni kwamba bidhaa hiyo haitauzwa tena, na maoni ya msanii ikayaita ya chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia. Mwenyewe akayasoma hayo kama walivyoyasoma watu wengine. Baadaye mwezi huohuo taasisi ikamwomba radhi hadharani kwa mambo mawili: kwamba alizipata habari mitandaoni badala ya kuambiwa, na kwamba haikuwa na haki ya kuyahukumu maoni ya msanii kwenye kurasa za taasisi mitandaoni. Haikusema inakubaliana naye. Wala haikuomba radhi kwa yale aliyoyaandika yeye.

Sasa kichwa chenu. Kosa la kwanza, na ndilo zito, ni "yatoa radhi". Radhi ni kuridhika kwa moyo, na hutoka kwa aliyekosewa kwenda kwa aliyekosea. Ndiyo maana mtoto hutafuta radhi za wazazi, si wazazi za mtoto, na ndiyo maana husemwa "niwie radhi", yaani uwe radhi nami. Anayetoa radhi ni de Wahls akipenda. Royal Academy kazi yake ni kuomba. Mkiandika "Royal Academy yatoa radhi" mmeigeuza kesi juu chini: msanii amekuwa mkosaji na taasisi imemridhia. "Yatoa msamaha" ni mbaya zaidi, kwa kuwa maneno hayo yana maana ya kawaida inayofahamika na kila mtu. Rais hutoa msamaha kwa wafungwa. Msomaji akiona "Royal Academy yatoa msamaha kwa msanii" atauliza msanii alifungwa kwa kosa gani. Kosa hili limezagaa kwenye habari za kutafsiriwa, kwa sababu mfasiri anaona tamko "limetolewa" na kitenzi hicho kinamfuata mpaka kwenye radhi. Kinachotolewa ni tamko au taarifa ya kuomba radhi. Kama mnakitaka sana kitenzi hicho, andikeni "yatoa tamko la kumwomba radhi msanii".

Kosa la pili limo kwenye "kwa". Neno hili dogo hubeba mizigo mingi: mpokeaji (aliomba radhi kwa jirani), sababu (aliomba radhi kwa kuchelewa), namna (kwa unyenyekevu), chombo (kwa barua). Mkiandika "yaomba radhi kwa maoni ya msanii", msomaji wa Kiswahili atalisoma "kwa" la sababu, na kwake sababu ya kuomba radhi ni kosa. Ataelewa kwamba taasisi inaona haya kwa aliyoyasema msanii wake na inawataka radhi watu wengine. Hiyo ni habari nyingine kabisa, inayokaribia kuwa kinyume cha iliyotokea.

Dawa yake ni ya kisarufi, na hutumika katika habari zote za namna hii. Aliyekosewa mwingizeni ndani ya kitenzi kwa kiambishi cha mtendwa: "yamwomba radhi msanii", si "yaomba radhi kwa msanii". Hapo "kwa" inabaki na kazi moja. Baada ya "kwa" wekeni kitenzi cha kitendo alichokitenda mwombaji mwenyewe, kikianza na ku-: kwa kumhukumu, kwa kumwacha apate habari mitandaoni, kwa kutomwarifu. Jina tupu likifuata, kama "maoni", "sakata" au "utata", mtenda kosa hupotea. Kitenzi kikifuata, kosa humrudia mwenyewe: Royal Academy imemwomba, Royal Academy ilimhukumu.

Kuhusu tahajia ya kitenzi hicho: sanifu ni "kumwomba" na "yamwomba", kwa kuwa mu- ikikutana na irabu ya mzizi huwa mw-. "Kumuomba" mtaiona kila mahali, lakini chagueni moja mshikamane nayo.

Kuna mtego hapohapo ambao mwandishi wenu hakuuingia ila mtauingia ninyi katika kusahihisha. Tuseme mmeandika "Royal Academy yamwomba radhi msanii kwa kuhukumu maoni yake". Maoni ya nani? "-ake" haijali kama mwenye mali ni mtu au taasisi, wala haijali mwanamume au mwanamke. Kwa sarufi peke yake, maoni hayo yanaweza kuwa ya Royal Academy. "Kwa kumhukumu kutokana na maoni yake" hupunguza utata, maana -m- imekwisha kumtaja msanii na "yake" inamfuata. Na kwa kuwa "msanii" na "yeye" havionyeshi kama ni mwanamke, na habari hii mzozo wake ni juu ya wanawake na jinsi zao, semeni mapema katika aya ya kwanza kwamba ni mwanamke. Mara moja inatosha. "Msanii huyo wa kike" katika kila aya inachosha.

Kosa la tatu ni "maoni ya kijinsia". Kiambishi ki- hapo huleta maana ya namna au msingi: ukatili wa kijinsia ni ukatili unaomfika mtu kwa sababu ya jinsia yake, ubaguzi wa kijinsia ni ubaguzi kwa msingi wa jinsia. Kwa mazoea hayo, "maoni ya kijinsia" huanza kunukia ubaguzi hata kabla msomaji hajajua yalisema nini. Mmekwisha kutoa hukumu, katika habari ambayo taasisi inaomba radhi kwa kutoa hukumu. "Maoni ya jinsia" nayo hayana mwenyewe. Andikeni "maoni kuhusu jinsia", basi.

Mkiingia ndani ya habari, "jinsia" peke yake haitoshi, kwa sababu ugomvi wenyewe ni juu ya tofauti ya mambo mawili. Tanzania wanayo "jinsi" kwa maumbile ya kike au ya kiume, ile ya kwenye fomu iliyoandikwa Me/Ke, na "jinsia" kwa nafasi na utambulisho katika jamii. Kenya "jinsia" mara nyingi hubeba yote mawili. Tena "jinsi" ina maana yake nyingine, ya namna, kiasi kwamba "maoni yake kuhusu jinsi" humfanya msomaji asubiri kitenzi kifuate. Kwa gazeti la Mombasa ningeandika "jinsi ya kuzaliwa" upande mmoja na "jinsia anayojitambulisha nayo mtu" upande wa pili. Ni maneno marefu, lakini hayamwachi msomaji wa Kilifi wala wa Tabora.

Upande wa watu wanaotajwa, "waliobadili jinsia" ndiyo yanayotumika sana, nayo yanafaa kwa nukuu fupi. Kasoro yake ni kwamba hudokeza jambo lililokwisha kutendeka, pengine hospitalini, na si kila anayehusika yuko hivyo. Pale usahihi unapohitajika, andikeni "watu wanaojitambulisha kwa jinsia tofauti na jinsi waliyozaliwa nayo". Msitumie "huntha". Huyo ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya upande mmoja, na Kenya iliwahesabu katika sensa ya 2019, watu 1,524. Ni jambo jingine kabisa, na magazeti yamelichanganya mara nyingi mno.

Maneno ya lawama mpeni aliyeyasema. Ni Royal Academy iliyoyaita maoni yale ya chuki, kisha ni yenyewe iliyosema haikuwa na haki ya kuyahukumu. Kwa hiyo: "maoni ambayo taasisi hiyo iliyaita ya chuki". Epukeni "yaliyodaiwa kuwa ya chuki", kwa sababu mbili: haisemi nani alidai, na "kudai" humtia shaka mdai. "Kuita" na "kusema" hazina upande.

Sasa radhi na msamaha. Si kitu kimoja, ingawa mitaani hubadilishana nafasi bila madhara. Msamaha huelekea kwenye kosa: kosa limefutwa, adhabu au deni limeondolewa, hata kodi husamehewa. Radhi huelekea kwenye moyo wa mtu: ameridhika, kinyongo hakipo. Mtu anaweza kukusamehe deni na bado asiwe radhi nawe. Kwa tamko la taasisi kwa mtu iliyemvunjia heshima, radhi ndiyo mahali pake. Tatizo la radhi ni kwamba ofisi zimeichakaza kwa "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza", ambayo hubandikwa kabla hata kosa halijatendwa. Uzito wake hurudi pale kosa linapotajwa kwa jina, kwa hiyo usiongeze "sana" wala "kwa dhati" kama tamko halikusema hivyo, taja kosa. "Samahani" ni ya kumkanyaga mtu mguu. Na "pole" si kuomba radhi hata kidogo: unampa pole aliyepatwa, hata kama huhusiki. "Royal Academy yampa pole msanii" ingekuwa dhihaka. "Yasikitishwa" nayo huonyesha hisia bila kukiri chochote.

Mkinukuu tamko lenyewe, lindeni sauti yake. Sehemu ya mawasiliano ilisemwa kwa jina, bila mtendaji: palikuwa na kasoro ya mawasiliano. Msiifanye "tulikataa kumwarifu". Sehemu ya hukumu ilikuwa na mtendaji wazi, "sisi". Hiyo ni "hatukuwa na haki ya kuyahukumu maoni yake", si "maoni yake hayakupaswa kuhukumiwa". Hata "hatukupaswa" ni hafifu, kwa kuwa kupaswa ni wajibu, ilhali tamko lilizungumzia haki. Taasisi ilisema pia kwamba kwa kitendo hicho imesaliti tunu yake kuu, kulinda uhuru wa kujieleza. "Tunu" ndiyo inayofaa hapo. "Thamani" inaita bei, "maadili" yanageuza suala kuwa la mwenendo mwema. "Uhuru wa kujieleza" ndio uliozoeleka kwenu Kenya kwa ibara ya 33 ya Katiba. Tanzania ibara ya 18 hutaja uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra, na msomaji wa huko atakuelewa kwa vyovyote.

Jina la taasisi liacheni lilivyo. "Chuo cha Kifalme cha Sanaa" humfanya mtu afikiri ni chuo tu, tena cha serikali. Ilianzishwa 1768, ipo Piccadilly, ina shule ndani yake, lakini huongozwa na wasanii na wasanifu majengo waliochaguliwa na wenzao, na zaidi hujulikana kwa maonyesho. "Taasisi ya sanaa ya London" inatosha kuieleza. Upatanisho uwe wa "taasisi", yaani i- na ya-, mpaka mwisho wa habari.

Kichwa basi kiwe: "Royal Academy yamwomba radhi msanii kwa kumhukumu kutokana na maoni yake kuhusu jinsia". Kikiwa kirefu kwa safu yenu, "Royal Academy yamwomba radhi msanii iliyemhukumu mtandaoni". Sentensi ya kwanza: "Taasisi ya sanaa ya London, Royal Academy of Arts, imemwomba radhi msanii wa kutarizi Jess de Wahls, mwanamke mzaliwa wa Ujerumani, kwa kutangaza mtandaoni kabla ya kumwarifu kwamba haitauza tena kazi zake, na kwa kuyahukumu hadharani maoni aliyoyaandika mwaka 2019 kuhusu jinsi na jinsia."

Mkitaka kuongeza alichojibu msanii, msiandike "apokea radhi", maana radhi iko kwake. Kama alikubali, "ameiwia radhi" au "akubali kuombwa radhi". Kama hakukubali, "hayuko radhi".