Maswali na majibu: Homoni ya mmea haikadiriwi kwa jicho

Maswali mengi ya safari hii yana chanzo kimoja: mtu ametumia homoni bila kupima, kisha anauliza mmea una ugonjwa gani. Nimeteua machache.

Nilichovya vipandikizi kwenye unga wa kuotesha mizizi, nikatumia ule mkali zaidi ili viwahi. Vimekuwa vyeusi chini na havina mzizi hata mmoja. Niliuziwa unga feki?

Huenda unga hauna kosa lolote. Oksini, homoni iliyomo kwenye unga huo, ikiwa kidogo huchochea mizizi. Ikizidi, oksini hiyohiyo huizuia na kuunguza mahali palipokatwa. Soma asilimia kwenye kopo. Unga mwingi wa aina hii una IBA, ambayo ni aina ya oksini. Kipandikizi laini cha kijani hutosheka na asilimia 0.1, kilichoanza kukomaa asilimia 0.3, na cha mti mgumu asilimia 0.8. Ukikipa kipandikizi laini unga wa mti mgumu, weusi ndio utakaovuna. Lakini kama weusi huo unateleza na kunuka, hapo ni kuoza kwa maji mengi, na homoni haiponyi kuoza.

Rudia hivi. Kata chini kidogo ya kifundo kwa kisu kikali na kisafi, kisha ondoa majani ya chini. Mimina unga kidogo kwenye kisahani. Usichovye ndani ya kopo, maana unyevu na vimelea vitaharibu unga wote. Chovya sentimita 1 hadi 2 za mwisho na ukung'ute unaozidi. Toboa udongo kwanza ndipo uchomeke, la sivyo unga wote utakwanguka na kubaki juu. Wanaotumia maji ya homoni wakumbuke kwamba gramu 1 ya IBA katika lita 1 ni miligramu 1,000 kwa lita, na kwa ukali huo kipandikizi huchovywa sekunde 5, si usiku kucha. IBA yenyewe haiyeyuki vizuri majini, hivyo huyeyushwa kwanza kwenye alkoholi. Chumvi yake ya potasiamu ndiyo inayoyeyuka kwenye maji matupu.

Hakikisha pia hukukigeuza kipandikizi kichwa chini. Oksini husafiri kutoka nchani kwenda upande wa mizizi na kujikusanya huko. Ukikipindua, mwelekeo wake ndani ya shina haubadiliki.

Je, homoni inaweza kuchukua nafasi ya mbolea?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na jibu halijabadilika.

Nikikata ncha ya mche, matawi hutoka pembeni. Ninunue homoni gani nipate matawi mengi zaidi?

Usinunue kitu. Ncha hutengeneza oksini na kuishusha shinani, na mkondo huo ndio unaoyazuia macho yaliyo kwapani mwa majani. Wanasayansi Thimann na Skoog walionyesha miaka ya 1930 kwamba ukikata ncha kisha ukapaka oksini kwenye kidonda, macho huendelea kulala. Kuna homoni nyingine mbili pia: sitokinini huyaamsha, strigolaktoni husaidiana na oksini kuyazuia. Kisu chako kinatosha: kata milimita chache juu ya jicho, kwenye mche uliokwisha kushika. Mche uliopandikizwa juzi au ulionyauka uache kwanza upate nguvu.

Nilipulizia jiberelini miche ya nyanya ili ikue haraka. Imerefuka, imepauka, inaanguka.

Jiberelini ni homoni ya kurefusha shina, na imefanya kazi yake. Mwaka 1926, Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba ule ugonjwa unaorefusha miche ya mpunga hadi ilale hutokana na kitu kinachotolewa na kuvu. Kitu hicho ndicho jiberelini. Wewe umeinunulia miche yako dalili za ugonjwa. Aina fupi za ngano zilizoleta mavuno makubwa ya Mapinduzi ya Kijani zilipatikana kwa njia iliyo kinyume: haziitikii jiberelini ipasavyo, ndiyo maana hubeba masuke mazito bila kulala.

Jiberelini ina kazi zake za halali, kama kukuza zabibu zisizo na mbegu na kuamsha viazi vya mbegu vilivyolala. Miche ya nyanya haimo. Iweke kwenye mwanga wa kutosha, punguza nitrojeni, na wakati wa kupandikiza zika sehemu ya shina, kwa kuwa shina la nyanya hutoa mizizi.

Nilifunga machungwa mabichi pamoja na ndizi mbivu ili yaive. Yamepata rangi ya njano lakini ni makali vilevile.

Ethilini, gesi ya kuivisha inayotolewa na ndizi, imeondoa ukijani wa ganda tu. Ndizi, embe, parachichi, papai na nyanya huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Chungwa, zabibu, nanasi na stroberi haziongezi utamu. Hata ndizi ikichumwa changa mno italainika bila ladha. Wenye vyumba vya kuivishia ndizi hutumia nyuzi 15 hadi 18, ethilini sehemu 100 kwa milioni kwa saa 24, kisha hupitisha hewa, kwa sababu kaboni dioksaidi ikijaa huchelewesha kuiva. Ethilini ikikaribia asilimia 3 ya hewa huweza kulipuka, kwa hiyo kipimo hapa si cha tunda peke yake.

Hukuuliza kuhusu kabaidi, kemikali ambayo wengine huivishia matunda, lakini nasema: iache. Gesi yake, asetilini, huiga ethilini kwa udhaifu na hushika moto upesi, na kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Nchi nyingi zimeipiga marufuku kwenye matunda.

Nimeuziwa chupa ya “homoni ya mavuno”. Haina orodha ya viambato. Niweke vifuniko vingapi kwa bomba moja?

Hata kimoja usiweke.

Majani mapya ya nyanya zangu yamekuwa membamba na kujikunja. Ni virusi?

Huenda ni virusi, lakini niambie kwanza bomba lako lilibeba nini kabla. 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, ni oksini ya kutengenezwa. Huua kwa kuuvuruga ukuaji, na mabaki kidogo tu yanatosha kuipotosha nyanya. Virusi mara nyingi huanza kwa mmea mmoja mmoja. Dawa hupiga safu nzima kwa pamoja, hasa upande ulikotokea upepo. Suuza ya haraka haitoshi. Tenga bomba la dawa ya magugu na uliandike.

Kama bomba ni safi, chunguza samadi. Aminopairalidi, dawa nyingine ya magugu, iliyopuliziwa kwenye malisho hupita tumboni mwa ng'ombe na kutoka ikiwa bado na nguvu. Changanya samadi na udongo safi kwenye vikopo kadhaa, vingine viwe na udongo safi peke yake, panda maharage kote na usubiri wiki 3. Yakijikunja kwenye vikopo vya samadi pekee, samadi hiyo isiingie kwenye nyanya.